Nani Anawanyonyoa Kuku wa Mwantumu

Kuku wa kwanza alikuwa mtetea mwekundu, yule aliyekuwa akitaga karibu kila siku. Mwantumu alimwona asubuhi alipofungua mlango mdogo wa banda ili aingize maji. Mgongo wake ulikuwa mtupu kuanzia katikati mpaka mkiani, ngozi imeiva kama ya mtu aliyemwagikiwa na uji wa moto. Akamkamata, akampekua chini ya mbawa akitafuta chawa na utitiri. Hakuona kitu. Akainama kutazama chini ya banda. Kulikuwa na kinyesi na pumba zilizolowa maji. Unyoya hakuuona hata mmoja.

Hilo ndilo lililomshangaza. Kuku wakigombana, manyoya huruka. Kicheche akiingia bandani, utayakuta yametapakaa mpaka uani. Haya ya mtetea mwekundu yalikuwa yamekwenda wapi?

Banda lenyewe lilikuwa jipya. Miaka yote kuku wa Sindeni walizoea kujitafutia, wakiparura majivuni na kwenye takataka, jioni wakirudi wenyewe. Lakini masika hayo mwenyekiti wa kitongoji, Muhidini, aliamuru kila mtu afungie kuku wake mpaka mahindi yafike magotini, kwa sababu walikuwa wakifukua mbegu za watu. Athuman, mume wa Mwantumu, alipigilia mabanzi na wavu ubavuni mwa jiko, akamaliza kwa siku moja. Kuku ishirini na sita waliingia mahali ambapo mtu mzima asingeweza kulala akanyoosha miguu. Wakawa wanapewa pumba asubuhi na pumba jioni.

Siku ya tatu walikuwa wanne, migongo wazi. Siku ya sita walifika tisa, na mmoja alibaki na shingo tupu kabisa. Kila asubuhi Mwantumu aliinama akatazama chini, na kila asubuhi hapakuwa na unyoya.

Aliacha kulala vizuri. Usiku kufuli ilikuwa mlangoni, ufunguo chini ya mto wake, na wavu haukuwa na tundu. Kwa hiyo aliyekuwa akija, kama alikuwepo wa kuja, alikuwa haingii kwa mlango.

Shemeji yake, Jabiri, alipita siku hiyo ya sita kuazima jembe. Jabiri alikuwa mdogo wake Athuman, nyumba zao zimetenganishwa na ua wa minyaa tu. Alisimama mbele ya banda, mikono nyuma, akawatazama kuku kwa muda mrefu.

"Hawa wananyonyolewa, shemeji," alisema.

"Na nani? Mlango nafunga mwenyewe."

"Manyoya unayaokota?"

"Siyaoni."

Jabiri akageuka. "Kuna mtu yeyote amekuja kukuuliza habari za kuku?"

Mwantumu alikuwa anapepeta mchele, akili yake iko kwenye mawe. Akajibu bila kunyanyua uso. "Mtu gani? Labda Bibi Maryamu. Wiki ile aliniomba unyoya, nikampa wa yule jogoo tuliyemchinja."

"Unyoya wa nini?"

"Kupakia dawa sikioni. Sikio lake linatoa usaha."

Jabiri alichukua jembe akaenda zake. Mwantumu aliendelea kupepeta, na ni baadaye sana ndipo alipoikumbuka ile namna alivyonyamaza.

Bibi Maryamu alikaa peke yake nyumba ya tatu kutoka hapo. Mumewe alikwisha kufa, na mtoto hakujaliwa. Alikuwa mkunga enzi zahanati haijajengwa, na nusu ya watu wazima wa kitongoji, Jabiri akiwemo, walipokelewa na mikono yake. Sasa alisuka majamvi, akalima kipande kidogo cha mihogo, na kwa ajili ya sikio lile alikuwa haitiki haraka mtu akimsalimia. Watu walikuwa wameanza kusema anajidai hasikii.

Siku nne baada ya Jabiri kuazima jembe, mkewe alipatwa na uchungu kabla ya wakati. Ikram alikuwa na mimba ya miezi saba, mimba ya kwanza baada ya miaka mitano ya ndoa. Walimpandisha kwenye pikipiki nyuma ya dereva, Mwantumu akimshikilia kwa nyuma, lakini kabla hawajafika zahanati mambo yalikwisha kuharibika. Mtoto alikuwa wa kiume. Alizikwa alasiri ile ile, na Jabiri alishuka kaburini mwenyewe, akakataa kusaidiwa.

Kesho yake Bibi Maryamu alikuja kuhani. Alikuja na bakuli la uji wa ulezi limefunikwa kwa sahani, kitambaa kimemzunguka kichwani kufunika sikio. Wanawake waliokaa mkekani wakaacha kuzungumza. Jabiri alitoka ndani akasimama mlangoni.

"Rudi nyumbani, bibi," alisema, sauti ya chini.

"Nimemletea Ikram uji, baba."

"Hatauonja. Rudi."

Bibi Maryamu alimtazama usoni, akatazama wale wanawake mmoja mmoja, kama anayetafuta wa kumwambia amesikia vibaya. Mwantumu alikuwa miongoni mwao. Alitazama vidole vya miguu yake. Bibi akageuka taratibu, uji ukimwagika kidogo pembeni mwa bakuli.

Kuanzia hapo habari haikuwa tena ya kuku. Bombani wanawake walisema manyoya ni kwa ajili ya kuwafunga watoto wasitoke tumboni salama. Mmoja alisema ameyaona yameshonewa ndani ya jamvi. Mwingine alisema kuku tisa, na ukihesabu miezi ya mimba inafika tisa. Mwantumu alikuwa akijaza ndoo, akasikia jina lake likitajwa: Mwantumu mwenyewe ndiye aliyesema, kuku ni wake, angekosa kujua? Wakageuka kumtazama, wakingoja athibitishe. Alijitwisha ndoo ikiwa haijajaa, akaondoka.

Asubuhi iliyofuata alikuta kuku mmoja amekufa. Nyuma, chini ya mkia, palikuwa na shimo, na matumbo yalikuwa yamevutwa nje na kuliwa. Wenzake walisimama kumzunguka, midomo ina damu kavu. Athuman alimtupa kwenye shimo la choo kabla watu hawajaamka, lakini tayari mtu alikuwa ameona juu ya ua. Kufikia saa nne uani kulikuwa na watu ishirini. Mwenyekiti Muhidini alikuja, akatikisa kichwa, akasema jambo hili limemzidi. Vijana wakasema kuna wataalamu wawili wako vijiji vya mbali, wanaofichua wachawi hadharani, wakawanyoa nywele, wakavunja nyumba na kutoa vitu vya uchawi. Waitwe. Muhidini hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Ikaeleweka watakuja Jumamosi.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Adhuhuri, watu walipokwisha kutawanyika, Mwantumu alivuta kibao cha kukunia nazi akakaa mbele ya banda. Hakuwa na mpango wowote. Alichoka tu, na nyumba ilimtisha.

Akakaa kimya muda mrefu, mpaka kuku wakamsahau.

Kuku mweusi, mkubwa kidogo kuliko wenzake, alimsogelea mweupe aliyekuwa amesimama pembeni. Akatazama mgongo wake, kichwa upande, jicho moja. Akadonoa mara moja, akavuta. Unyoya ukatoka. Akaugeuza mdomoni mpaka ncha laini yenye damu ikakaa mbele, akaumeza wote. Yule mweupe hakukimbia wala hakupiga kelele. Aliinamisha kichwa tu akasimama palepale, na mweusi akarudi kudonoa. Mwingine akaja. Kisha wa tatu.

Mwantumu aliona manyoya saba yakiliwa kabla hajasimama. Si kwamba hakuelewa. Alielewa mara moja, na kwa kuelewa huko moyo ulimwenda mbio zaidi kuliko siku zote alizokuwa akiogopa asichokijua.

Alimweleza Athuman alipokuwa akinawa mikono ale. Athuman alisikiliza mpaka mwisho.

"Umeona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu. Mchana kweupe."

Athuman akajifuta mikono polepole. "Usiseme kwanza."

"Jumamosi wanakuja watu kumvunjia bibi nyumba."

"Najua. Lakini ndugu yangu amezika mtoto, Mwantumu. Ukimwambia leo kwamba ni kuku tu, atashika nini?" Akaongeza: "Na wewe ndiye uliyesema. Watauliza ulisema kwa nini."

Mwantumu hakulala. Alhamisi alimpigia simu Evodia, afisa mifugo wa kata, mwanamke wa makamo ambaye aliwahi kumchanjia kuku. Evodia alikuja na pikipiki yake, akavua kofia ngumu, akachungulia bandani, akaguna.

"Mama, hawa wamebanana. Halafu unawalisha nini?"

"Pumba."

"Pumba peke yake haiwatoshi. Wakikosa cha kujenga mwili wanakitafuta kwa wenzao, na manyoya wanayala. Wakishaionja damu, ndiyo kama ulivyoona." Alimwelekeza awatenge wenye vidonda, apanue banda, achanganye dagaa na mashudu ya alizeti kwenye pumba, awaning'inizie majani ya mchicha wapate shughuli. "Yule mweusi mtoe kabisa. Ndiye mwalimu wao."

Mwantumu akamshika mkono. "Nakuomba, hayo maneno umwambie shemeji yangu."

Walimkuta Jabiri amekaa chini ya upenu, ana panga na jiwe la kunolea. Evodia alimsalimia, akampa pole ya msiba, akaeleza yote kwa utaratibu. Jabiri alisikiliza kwa adabu. Alikuwa amekonda kwa wiki moja ile, macho yameingia ndani.

"Nimekuelewa, mama," alisema alipomaliza. "Kuku wamenyonyoana wenyewe. Na mwanangu je, alinyonyolewa na nani?"

Jabiri akarudi kunoa panga. Ndani, nyuma ya pazia, Mwantumu aliona miguu ya Ikram imesimama, haisogei.

Alasiri alikwenda kwa Bibi Maryamu. Bibi alikuwa amekaa mlangoni, ukili mapajani, lakini hasuki. Mwantumu alipiga magoti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Akangoja. "Wewe ulisema?"

"Nilisema uliniomba unyoya. Basi. Sikusema lingine."

"Ulisema na sikio?"

"Nilisema."

"Hawakulibeba hilo la sikio," alisema Bibi Maryamu. "Limewadondoka njiani."

Mwantumu alianza kulia. Bibi hakumbembeleza, wala hakumfukuza. Mwantumu alipomsihi waondoke kesho yake alfajiri, waende Kerenge kwa mtoto wa dada yake, alikataa. Akiondoka kabla ya Jumamosi, alisema, watu wataona amekimbia, na watamfuata huko huko. Atakaa. Kama ni kunyolewa, nywele zenyewe zimebaki chache.

Jumamosi asubuhi watu walijaa kiwanjani karibu na ghala la kijiji. Wataalamu walikuwa wawili, wamevaa suruali safi na viatu vya ngozi, kila mmoja na mkoba wake. Mmoja alikuwa mpole sana wa maneno, na ndiye aliyeogopesha zaidi. Bibi Maryamu aliletwa akakalishwa juu ya kinu kilichopinduliwa. Wembe mpya uliwekwa kwenye sahani mbele yake. Hakuna aliyempigia kelele. Mwantumu angependa kama wangepiga. Walisimama tu wakitazama, karibu mno, na kila aliyefika alisogea mbele kidogo ili naye aone.

Mwenyekiti Muhidini alikuwa pembeni, anachezea simu yake.

Mwantumu alipasua watu akaingia katikati. Alijaribu kusema kwa sauti, ikatoka ya kukwaruza.

"Kuku ni wangu, na neno ni langu. Nilikosea. Wanakulana wenyewe, nimewaona, na afisa mifugo amewaona. Anayetaka aje uani kwangu sasa hivi atazame. Huyu bibi aliomba unyoya wa dawa ya sikio. Hana kosa."

Mtaalamu mpole akatabasamu. "Mama huyu ni nani?"

"Ni jirani yake," mtu akajibu.

"Wiki mbili alikuwa anajua ni nani. Leo hajui. Mnaona kazi hiyo?" Akamtazama Mwantumu kuanzia miguuni mpaka kichwani, bila haraka. "Leteni kinu kingine."

Mwantumu aliwaona watu anaowafahamu, aliochota nao maji na kuswali nao, wakigeuza nyuso kutoka kwa bibi kuja kwake. Alimtafuta Athuman. Athuman alikuwa anasukuma watu kuja mbele, lakini mikono miwili ilikuwa imemshika shati. Mtu akamgusa Mwantumu begani, akamsukuma chini kidogo, kama anayemsaidia kukaa.

Ndipo Ikram akaja. Alikuwa hajatoka nje tangu msiba. Alitembea ameshika kiuno, khanga imefungwa vibaya, na watu walimpisha kwa sababu ndiye mwenye msiba. Mkononi alikuwa na kadi ya kliniki. Hakumtazama mtaalamu. Alimpa Muhidini ile kadi.

"Soma, mwenyekiti. Soma hapo chini, palipoandikwa kwa wino mwekundu."

Muhidini akasoma kimoyomoyo kwanza, kisha akakohoa. "Presha imepanda. Miguu imevimba. Aende hospitali Korogwe bila kuchelewa." Akatazama tarehe. "Hii ni wiki mbili kabla ya msiba."

"Nesi aliniandikia, akanisomea, akarudia," Ikram alisema. Sauti yake haikupanda. "Nikampelekea mume wangu. Akasema tumalize kupanda kwanza, mvua itatuacha. Nami nikakubali, sikumbishia. Kichwa kiliniuma siku kumi, nikanyamaza. Bibi Maryamu hakuja kwangu siku hizo hata mara moja. Ningefurahi angekuja. Angejua."

Jabiri alikuwa amesimama karibu na sahani ya wembe. Alitazama kadi mikononi mwa Muhidini kama mtu anayetazama nyoka aliyekwisha kumuuma, kisha akageuka akapita katikati ya watu kuelekea mashambani, na panga lake kiunoni.

Mtaalamu mpole alijaribu kusema kwamba mkono wa mtu unaweza kupitia hata kwenye presha, lakini Muhidini, ambaye wiki nzima hakuwa na msimamo, sasa alikuwa nao. Akasema mkutano umekwisha. Watu walitawanyika bila kutazamana. Wale wawili walibeba mikoba yao wakaenda kungoja gari barabarani, na hakuna aliyewasindikiza.

Jioni hiyo Ikram aliingia uani kwa Mwantumu na godoro lake kichwani.

"Dada, naomba nilale hapa."

Mwantumu alimpokea godoro. Hawajamaliza kulitandika, Jabiri akatokea kwenye pengo la ua. Alikuwa na matope mpaka magotini, na panga lilikuwa mkononi, si kiunoni. Athuman aliinuka kwenye kigoda akasimama mlangoni. Ndugu wawili wakatazamana. Mwantumu alihisi Ikram akimshika khanga kwa nyuma, vidole vimekaza.

"Keti ule," Athuman alisema.

Jabiri alisimama muda ambao ungetosha mtu kwenda bombani na kurudi. Mwishowe akaketi, panga akalilaza mapajani, na Mwantumu akampakulia ugali. Alikula matonge matatu. Akanawa, akashukuru, akarudi nyumbani kwake peke yake. Hakuuliza habari za mkewe usiku huo, wala siku zilizofuata. Baada ya wiki tatu kaka zake Ikram walikuja kumchukua wakampeleka kwao Mombo, na mpaka leo yuko huko. Jabiri alimaliza kupalilia shamba lote mwenyewe. Hazungumzi na mtu, na watoto wakiona anakuja hupanda ukingoni mwa njia kumpisha.

Bibi Maryamu aliondoka Jumatatu ile, baada ya kuhakikisha hakuna atakayesema amekimbia. Mwantumu alimsindikiza mpaka Korogwe mjini, akampandisha gari la Kerenge. Wiki haikuisha, paa la nyumba ya bibi likakutwa limeezuliwa, milango imeng'olewa. Hakuna aliyeona. Muhidini aliuliza nyumba kwa nyumba, na kila mtu alikuwa shambani.

Ilipofika mwezi wa saba, mahindi yamekwisha kuvunwa na kuku wanatembea tena popote, Mwantumu alikwenda Kerenge. Alimkuta Bibi Maryamu nje ya nyumba ya mpwa wake, ana jamvi jipya limefika nusu. Sikio lilikuwa limepona. Walisalimiana vizuri, wakala mihogo, wakaongea habari za mvua. Bibi hakumkaribisha ndani.

Jua lilipoanza kushuka Mwantumu akasema alichokuja kusema. Kwamba watu wamenyamaza. Kwamba Athuman amekubali kumwezekea upya. Kwamba arudi kwake.

Bibi Maryamu alikaza ukili kwa meno, akaukata.

"Jabiri yupo?"

"Yupo."

"Anafanya nini?"

Mwantumu alitaka kusema analima tu, kama watu wengine. Lakini alikumbuka alivyomwacha asubuhi ile, amekaa peke yake chini ya upenu, anatazama nyumba isiyo na paa.

"Anakaa," alisema.

"Basi bado," Bibi Maryamu alisema, akavuta ukili mwingine.